Kila Paka na Zamu Yake: Mwongozo Kamili wa Kuwachezesha Paka Wawili au Zaidi Nyumbani

Nina paka watatu hapa Uyole, Mbeya, na kwa karibu mwaka mzima niliamini ninawachezesha wote. Kumbe nilikuwa namchezesha mmoja. Kila jioni nilifunga kipande cha kitenge kwenye kamba nikakiburuta sebuleni, na Chui, dume wa mwaka mmoja na nusu, alikirukia mpaka watoto wakapiga makofi. Ndaga, jike wa miaka minne niliyepewa na jirani mwenyeji wa Tukuyu, alikaa ukingoni mwa mkeka akitazama. Paka wa tatu, Bibi, mwenye miaka 11, hakushuka kabisa kutoka juu ya kabati. Nikajisemea kwamba hawa wawili si watu wa michezo.

Miezi ikapita. Ndaga akaanza kukojoa nyuma ya kochi. Chui akawa anamvizia mlangoni kila anapotoka kula. Nilimpeleka Ndaga kwa daktari wa mifugo, naye akampima kwanza kuhakikisha si ugonjwa wa njia ya mkojo (nawe fanya hivyo hivyo, kwa sababu paka anayekojoa ovyo mara nyingi anaumwa, na dume anayejikamua bila kutoa mkojo ni wa kukimbizwa siku hiyo hiyo). Alipomkuta mzima, akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Huyu hucheza saa ngapi, akiwa peke yake?" Sikuwa na jibu.

Chimbuko la paka wa nyumbani ni paka-mwitu wa Afrika, kimburu, ambaye hata leo anaishi kwenye mapori yetu. Kimburu huwinda peke yake. Simba wanaweza kushirikiana kumwangusha nyati kwa sababu nyati analisha wengi, lakini panya mmoja hagawanyiki. Na kwa paka, kucheza ni kuwinda: kuvizia, kunyatia, kurukia, kushika, kung'ata. Kwa hiyo ukiburuta kamba moja mbele ya paka watatu, umewaletea wawindaji watatu panya mmoja. Mwenye nguvu anamchukua, wengine wanarudi nyuma ili yasitokee magomvi. Yule unayesema hapendi kucheza huenda ameshakubali tu kwamba hatapata. Mwongozo huu wote umejengwa juu ya hilo.

HATUA YA 1: Watazame siku tatu kabla ya kushika kamba

Usianze na vichezeo. Anza kwa kukaa kimya na kuangalia. Nani hufika kwenye sahani kwanza? Nani huondoka mwenzake anapoingia? Nani hulala katikati ya mlango au kwenye korido, mahali ambapo wengine hawawezi kupita bila kumkaribia? Huyo wa mlangoni mara nyingi tunamwona mpole kwa sababu hapigi mtu, kumbe amewafungia wenzake njia ya chakula kwa macho tu.

Kisha angalia kila mmoja anawinda nini. Chui ni wa ndege: kitu kikipaa, anapaa nacho. Ndaga ni wa panya, hataki chochote kilicho juu ya goti, anataka kitu kinachokwaruza chini ya mkeka. Bibi hufuata vidudu, na ukichezesha jani kavu polepole karibu na mguu wake, mkia unaanza kutikisika nchani. Nimegundua kwamba kumpa paka windo lisilo lake ndiyo sababu ya pili, baada ya kunyang'anywa, ya paka kuonekana mvivu.

Umri nao una neno. Watoto wa paka huanza kuchezeana wao kwa wao wakiwa na wiki nne hivi, na kuanzia wiki ya saba au ya nane huanza kushughulikia vitu: mpira, kamba, jani. Ni vizuri wabaki na mama na ndugu zao mpaka wiki nane angalau, maana humo ndimo wanamojifunza kung'ata bila kuumiza. Paka mzee, kwa upande mwingine, huwa na maungo yanayouma, na baridi ya Juni na Julai ya huku kwetu haimsaidii. Mpe mahali pa joto kabla ya mchezo, blanketi au gunia kavu juani. Usimfungie chumbani na jiko la mkaa. Moshi wake usioonekana unaua paka kama unavyoua watu.

HATUA YA 2: Tengeneza vichezeo, na ondoa vinavyoua

Huhitaji kununua kitu. Iringa na Njombe mianzi ya ulanzi ipo tele, na ufito mwembamba wa mwanzi wenye urefu wa futi tatu ni fimbo bora ya kuchezeshea paka kuliko yoyote niliyowahi kushika. Ni mwepesi, unapinda, hauvunjiki. Piga msasa ncha zote mbili, kwa sababu mwanzi ukipasuka unakata kama wembe. Funga kamba nene ya pamba ya mita moja, na mwishoni ufunge windo: manyoya ya kuku yaliyooshwa na kukaushwa kwa mpenda ndege, kifundo cha kitenge kwa mpenda panya. Tengeneza fito mbili. Sababu utaiona hatua ya sita.

Vingine ni vya bure. Gunzi zima la mahindi linaviringika kwa namna isiyotabirika, ndiyo raha yake. Boksi la sabuni lenye matundu mawili, la kuingilia na la kutokea. Na trei la mayai la karatasi: weka punje za chakula au vipande vya samaki kwenye vishimo, funika kila kimoja na kipande cha karatasi iliyokunjwa, na paka atahangaika nalo dakika kumi akiwa peke yake. Trei hili ndilo litakalokuokoa wakati wa zamu.

Hapa niwe mkali kidogo. Uzi ni hatari kuliko unavyoonekana. Ulimi wa paka una vijimiiba vinavyoelekea kooni, hivyo uzi ukishashika ni vigumu kuutema, na ukifika tumboni unayakunja matumbo na kuyakata. Kwa hiyo hakuna uzi wa kushonea (hasa wenye sindano), hakuna nyuzi za viroba vya plastiki, hakuna rababendi, hakuna nywele za rasta zilizodondoka baada ya kusukwa, na hakuna mifuko laini. Fimbo yako ikimaliza kazi, ifungie kabatini. Ukiona uzi umetokeza mdomoni au nyuma ya paka, usiuvute. Nenda kwa daktari wa mifugo.

Usitoe vichezeo vyote kwa pamoja. Viwili vitoke wiki hii, vingine vifichwe. Paka huchoka na kitu kilekile upesi, na kikirudi baada ya siku kadhaa huwa kipya tena.

HATUA YA 3: Panga nafasi

Wengi wetu tunaishi chumba na sebule, kwa hiyo sitakuambia utenge chumba cha paka. Unachohitaji ni mlango mmoja unaofungika, au hata pazia zito, na mahali pa juu: meza, kabati, mahindi yaliyopangwa kwenye viroba. Paka mwoga akiwa juu anaona kila kitu na hawezi kushtukizwa. Hakikisha kila sehemu ya kupanda ina njia mbili za kushuka, na usichezeshe paka kwenye kona, kwa sababu konani hana pa kukimbilia na mchezo unageuka vita.

Sahani za chakula zitenganishwe, kila mmoja asimwone mwenzake akila ikiwezekana. Makarai ya mchanga ya kujisaidia yawe sawa na idadi ya paka na moja zaidi, na yasipangwe pamoja pembeni mwa ukuta mmoja. Kwa paka watatu ni manne. Najua ni mengi. Mimi ninayo matatu na kibustani cha nyuma, na kimetosha.

HATUA YA 4: Chagua saa, na uishike

Paka huchangamka zaidi jua linapochomoza na linapozama. Kwetu hilo ni jambo jepesi, kwa kuwa jua halitangitangi sana mwaka mzima: karibu na saa 12 na nusu asubuhi, kati ya saa 12 na nusu na saa 1 jioni. Panga mchezo kabla ya chakula, si baada. Paka mwenye njaa kidogo hucheza kwa bidii, na paka anayekula baada ya kuwinda hujilamba kisha akalala, nawe utalala. Ukimchezesha saa 4 usiku halafu ukazima taa, usimlaumu akikurukia miguu saa 9.

Dakika tano hadi kumi kwa kila paka zinatosha, mara moja au mbili kwa siku. Kwangu ni dakika 20 na kidogo kwa wote watatu. Mvua zinapoanza, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili, na Rungwe hata baada ya hapo, paka hawatoki nje siku nzima. Ugomvi wa ndani huongezeka, na ndipo zamu hizi zinapostahili kushikwa kwa nguvu zaidi.

Nani aanze? Wapo wanaosema mwoga atangulie ili ajione anathaminiwa. Nilijaribu, ikashindikana: Chui akiwa nyuma ya mlango anaukwaruza, na Ndaga akisikia zile kucha anaacha kamba. Sasa Chui huanza. Anakimbizwa mpaka anahema, anakula, anajilamba, anasinzia. Ndipo mlango unafungwa na Ndaga anapata sebule nzima. Kama mkali wako ni wa kutulia akipewa trei la mayai chumbani, basi mwoga atangulie. Jaribu kila mpango kwa wiki moja kabla ya kuamua.

HATUA YA 5: Cheza kama windo

Kosa kubwa ni kumletea paka kamba usoni. Hakuna panya anayekwenda kwenye mdomo wa paka. Windo hukimbia, hujificha, husimama, husikiliza. Basi buruta kifundo kikimwacha paka, kipitishe nyuma ya mguu wa kiti, kikipotea kiache kipotee. Halafu simama. Usifanye chochote. Hesabu mpaka kumi. Utaona makalio yanaanza kuyumba, macho yamekuwa meusi yote. Kule kusimama ndiko kunakomvuta paka kuliko mbwembwe zote za kamba, na ndiko sisi binadamu tunakokosa subira nako.

Mwache ashike. Mara tatu au nne katika kila zamu awe na windo kinywani na makuchani, aling'ate, alipige mateke kwa miguu ya nyuma. Paka asiyeshika kamwe hubaki na hasira, na hasira hiyo humwendea mwenzake. Hii ndiyo shida ya leza, na ya watoto kupiga tochi ya simu ukutani umeme ukikatika: paka anakimbiza kitu kisichoshikika. Wakitumia tochi, waimalizie kwenye kitu halisi kilicholala sakafuni, na leza isielekezwe machoni kabisa.

Dakika mbili za mwisho punguza mwendo. Windo limejeruhiwa, linajikokota, limekufa. Akishalishika mara ya mwisho, weka pale pale usipa mmoja, yaani dagaa. Usipa wa Ziwa Nyasa unapatikana Mwanjelwa na masoko mengine mengi ya huku. Chukua usiotiwa chumvi, uloweke au uuchemshe, na uuhesabu kama sehemu ya chakula chake cha siku. Baada ya hapo ndipo sahani.

Mikono yako isiwe kichezeo, hata kwa paka mchanga ambaye meno yake bado yanatekenya. Atakua, naye hatajua kwamba sheria zimebadilika. Paka akimng'ata mtu na kutoboa ngozi, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kisha nenda kituo cha afya. Jino la paka huingiza vijidudu ndani kabisa, na paka pia huambukiza kichaa cha mbwa. Wachanjwe, ulizia kwa mtaalamu wa mifugo wa kata yako.

HATUA YA 6: Kuwachezesha pamoja, zamu zikishazoeleka

Usifike hapa kabla ya wiki mbili au tatu za zamu. Ukifika, shika fito zote mbili, moja kila mkono, mikono imetanuka, kila paka na windo lake. Afadhali zaidi mkiwa watu wawili, mmoja kila upande wa sebule. Paka mmoja akiliacha lake na kufuata la mwenzake, lile la mwenzake life papo hapo, na lake lianze kukimbia. Mkimaliza, wote wamalizie kwa pamoja, usipa wawili, mbali mbali.

Nao wakichezeana wenyewe? Ndugu waliokua pamoja hufanya hivyo kwa raha, na huna sababu ya kuingilia. Lakini jifunze kutofautisha. Mchezo ni wa kimya. Masikio yanatazama mbele, kucha zimefichwa, na wanabadilishana: huyu akikimbiza, baadaye anakimbizwa, huyu akiwa chini, baadaye yuko juu. Wanasimama, wanajilamba, wanarudi. Ugomvi una sauti: mngurumo, kufoka, yowe. Masikio yamelala kichwani, manyoya ya mkia yamesimama, manyoya yanaruka hewani. Na kuna ule ugomvi wa kimya ambao nilikosa kuuona kwangu: mmoja ndiye anayekimbizwa siku zote, anakimbilia chini ya kitanda, hatoki. Jiulize swali moja. Yule aliyekimbizwa, akipewa nafasi, anarudi? Akirudi, ni mchezo. Asiporudi, kwake haukuwa mchezo tangu mwanzo.

Wakishikana kweli, usiingize mkono. Weka mto au kipande kikubwa cha boksi kati yao, au piga makofi mara moja kwa nguvu. Usiwapige, usiwamwagie maji. Watakachojifunza ni kwamba mwenzao akiwepo mabaya hutokea. Watenganishe kwa milango, na uwaache saa kadhaa, pengine mpaka kesho yake. Wakati mwingine chanzo hakiko ndani kabisa: shume la jirani limepita dirishani, Chui ameliona, hawezi kulifikia, akamgeukia Ndaga aliyelala. Ikiwa ndivyo, funika sehemu ya chini ya dirisha hilo na karatasi.

Madume wasiohasiwa na majike wasiofungwa kizazi ni vigumu kuwatuliza kwa fimbo na kamba. Kuanzia miezi minne hadi sita hivi zungumza na daktari.

HATUA YA 7: Akiingia paka mgeni

Mgeni akae chumba chake na mlango umefungwa kwa siku kadhaa. Futa mashavu yake kwa kitambaa, kiweke wanapolala wenyeji, na cha wenyeji kiende kwake. Walishe pande mbili za mlango huo huo. Kisha pitisha ufito mwembamba chini ya mlango, ukiwa na kipande cha kitambaa kila upande. Makucha ya mgeni na ya mwenyeji yakianza kukutana pale chini bila mngurumo, fungua mlango kidogo, dakika chache, huku kila mmoja akiwa na windo lake. Kwa wengine ni wiki moja, kwa wengine ni miezi miwili. Usiharakishe kwa sababu wageni wa kibinadamu wanataka kuona.

Je, ataacha kukamata panya?

Hili huulizwa na kila anayekuja kwangu, na lina maana, kwa kuwa mahindi yako stoo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walichapisha mwaka 2021 kwamba paka waliochezeshwa dakika tano hadi kumi kila siku walipunguza kuleta mawindo nyumbani kwa robo hivi. Kwa hiyo kupungua kupo. Lakini hao walikuwa paka wa kulishwa vizuri, na robo tatu ya mawindo ilibaki pale pale. Kwangu Ndaga hulinda stoo kama zamani. Kilichobadilika ni kwamba ndege wa bustanini wanaletwa mlangoni kwa nadra. Ningekuomba jambo moja tu kuhusu stoo: ukiwa na paka, usitege sumu ya panya, kwako wala kwa makubaliano na jirani. Panya aliyekula sumu hukimbia polepole, na huyo ndiye anayekamatwa na paka kwanza.

Ilichukua wiki tano kabla Ndaga hajaacha kojo la nyuma ya kochi. Bibi alishuka kabatini wiki ya tatu, alipoona jani la mgomba likitembea chini ya blanketi na hakuna mwingine sebuleni. Nikisafiri kwenda Kyela, binti wa dada yangu ndiye anayebaki nao, na karatasi niliyobandika ukutani inasomeka hivi: Chui, saa 12 jioni, manyoya, mpaka ahema. Ndaga, saa 12 na nusu, kitenge, mlango ufungwe. Bibi, saa 2 usiku, chini ya blanketi, dakika tatu. Usimharakishe.